Kutoka Bibi Shamba hadi Diwani: Niliyojifunza Katika Siasa za Jiji

Nilikaa katika Baraza la Madiwani la manispaa mojawapo ya Dar es Salaam kwa vipindi viwili, tangu uchaguzi mkuu wa mwaka 2010 hadi mabaraza yalipovunjwa mwaka 2020, na kabla ya hapo nilikuwa bibi shamba, yaani ofisa ugani wa kilimo, katika manispaa hiyohiyo. Watu wengi huamini kwamba mtaalamu wa kilimo anapoingia katika siasa huenda kuisemea idara aliyotoka, aipiganie bajeti ya mbegu na mbolea, kisha ahesabiwe kuwa ametimiza wajibu wake. Uzoefu wangu ulinifundisha jambo jingine, nalo ndilo linalonisukuma kuandika: maamuzi mengi yanayomwinua au kumdidimiza mkulima hufanyika katika vikao ambavyo ajenda zake hazina neno kilimo hata mahali pamoja, na mtaalamu asiyeingia katika vikao hivyo hubaki na ujuzi usiomfikia mtu aliyekusudiwa.

Nilizaliwa Mgeta, juu katika milima ya Uluguru, ambako kabeji, karoti, njegere na viazi hulimwa kwenye ngazi zilizochongwa ubavuni mwa mlima, na sehemu kubwa ya mavuno hayo huishia katika masoko ya Dar es Salaam. Baba yangu aliuza kwa gunia, lakini gunia lenyewe lilikuwa na kichwa kilichoshonewa kwa kamba juu ya mdomo wake, yaani lumbesa, hivyo alilipwa bei ya gunia moja kwa mzigo uliokaribia gunia moja na nusu. Utotoni niliichukulia lumbesa kuwa desturi ya biashara kama zilivyo desturi nyingine. Baadaye nilisomea stashahada katika Chuo cha Kilimo Ilonga, wilayani Kilosa, ambako nilifundishwa nafasi kati ya mche na mche, afya ya udongo, magonjwa ya mimea na namna ya kuendesha shamba darasa. Walimu wangu walikuwa hodari na ninawaheshimu hadi leo, ila lumbesa haikuwamo katika somo lolote.

Niliajiriwa katika kipindi ambacho maofisa ugani walikuwa wakihamishwa kutoka Wizara ya Kilimo kwenda katika halmashauri, mwishoni mwa miaka ya 1990. Wizara ilikuwa bado hapa Dar es Salaam, Temeke karibu na Vetenari, nami nikapangiwa kazi katika kata zenye mabonde. Wenzangu waliopelekwa Mkuranga na Kisarawe walinihurumia, wakidhani mjini hakuna kilimo. Kumbe kipo, tena cha bidii ambayo sikuwa nimeiona hata Mgeta. Kandokando ya Mto Msimbazi na vijito vyake, chini ya njia kuu za umeme, katika viwanja ambavyo wenyewe hawajajenga, watu walikuwa wakilima mchicha, matembele, chainizi, figiri, majani ya kunde na bamia kwenye matuta yaliyopangwa kwa ustadi mkubwa. Mchicha hukomaa kwa muda wa wiki 3 hadi 4 tu. Wachuuzi, wengi wao akina mama, hufika alfajiri na matenga yao, wakanunua kwa tuta, wakavuna wenyewe, na kabla jua halijawa kali mboga imekwisha kufika mitaani. Mbolea ilitoka kwa wafugaji wa kuku wa nyama, na maji yalichotwa kwa keni mbili mbili kutoka mtoni au katika visima vifupi. Hakuna mfumo wa chakula wenye mnyororo mfupi kuliko huo, na jiji ambalo sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 ndani yake lilikuwa likila mboga hizo kila siku pasipo kuuliza zimetoka wapi.

Nilifanya kazi hiyo kwa upendo. Lakini siku moja, nilipokuwa nikieleza umuhimu wa kuzingatia siku za kusubiri kabla ya kuvuna baada ya kupuliza dawa ya wadudu, mzee mmoja aliyekuwa kiongozi wa wakulima wa bonde lile alinisubiri nimalize, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, haya unayotufundisha ni mazuri na tunayafuata. Ila mwenye kuamua kama mwakani tutakuwa hapa au hatutakuwapo ni nani? Huyo ndiye tungependa utupeleke kwake." Nilimjibu kwamba ni suala la mipango miji, wala si la idara yangu. Akasema, "Basi nenda huko mipango miji." Sikuwa na mamlaka ya kwenda huko, kwa sababu ofisa ugani wa kata huripoti kwa wakuu wake na hana kiti katika kamati yoyote ya madiwani. Neno la mzee yule lilikuwa mwanzo wa safari yangu ya siasa kuliko hamasa ya chama chochote.

Kabla ya kuacha utumishi wa umma nilijitahidi kusoma habari za waliotangulia, kwa kuwa nchi yetu imekuwa na wanasiasa waliotoka katika kilimo tangu mwanzo wake. Paul Bomani aliongoza vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba Usukumani kabla hajawa waziri wa kilimo na baadaye wa fedha. George Kahama alikuwa meneja wa ushirika wa wakulima wa kahawa Bukoba kabla ya kuingia serikalini. Derek Bryceson, mkulima aliyekuwa na shamba upande wa Kilimanjaro, alikuwa waziri wa kilimo wa Mwalimu Nyerere, na watu wa Dar es Salaam walimchagua kuwa mbunge wao. Nilichokiona katika maisha ya Bomani na Kahama, na ambacho naona wagombea wengi wa sasa wanakiruka, ni kwamba siasa yao ilizaliwa ndani ya mzani: walianza kwa kugombania nani apime zao la mkulima na kwa bei gani, na uongozi wa taifa ukafuata baadaye. Chama cha TANU kilipotoa tamko la Siasa ni Kilimo kule Iringa mwaka 1972, mkazo uliangukia zaidi katika mbinu bora za shambani, yaani kupanda kwa mistari, kutumia samadi na kupalilia mapema. Hayo yote ni kweli na nimeyafundisha mwenyewe. Hata hivyo naamini kwamba suala la mzani lilistahili kupewa nafasi kubwa zaidi kuliko lililopewa, hasa baada ya vyama vikuu vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976.

Niliingia barazani mwaka 2010 kwa viti maalumu vya wanawake, kisha mwaka 2015 nikagombea kata na kushinda. Kuhusu kampeni nitasema kidogo. Wapiga kura wa mjini hawakuniuliza habari za kilimo. Waliniuliza habari za mitaro, maji, vyumba vya madarasa na taa za barabarani, na walikuwa na haki. Wapo pia walioniuliza nimewaletea nini mkononi. Mahakama Kuu iliifuta takrima, yaani ruhusa ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, mwaka 2006 na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikapitishwa mwaka 2010, lakini mazoea hayakufutika kwa hukumu, na mwanamke asiye na fedha ndiye anayeumia kwanza mahali ambapo kura hupimwa kwa kanga na sukari. Mimi nilisaidiwa na jambo moja tu, kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimepita nyumba kwa nyumba na bonde kwa bonde, na watu walinijua kwa kazi kabla hawajanijua kwa picha.

Somo kubwa la kwanza barazani lilitoka katika kabrasha. Diwani hupewa kabrasha lenye taarifa za idara zote siku chache kabla ya kikao, na madiwani wengi husoma kurasa zinazohusu kata zao tu. Mimi nilianza kusoma ukurasa wa ushuru wa masoko. Ushuru wa mazao yanayoingia sokoni ulitozwa kwa gunia, bila kujali uzito. Hapo nikakumbuka magunia ya baba yangu. Kwa miaka mingi lumbesa imelaaniwa majukwaani kama dhuluma kwa mkulima, na ni dhuluma kweli, lakini mkulima wa Mgeta au Lushoto hapigi kura Dar es Salaam, kwa hiyo laana hizo hazikumsumbua mtu yeyote katika manispaa yetu. Nilipofika kwenye kikao sikuzungumzia dhuluma. Niliwaomba wajumbe wahesabu: ikiwa sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na gunia linaloingia sokoni lina kilo 130 au zaidi lakini linalipa ushuru wa gunia moja, ni mapato kiasi gani ya manispaa yanapita getini bila kulipiwa kila siku? Mweka hazina aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza watu wa mapato, watu wa masoko na mimi tulikuwa upande mmoja wa meza, na Wakala wa Vipimo wakaalikwa kuja kutoa elimu na kusimamia upimaji. Lumbesa haikwisha, maana madalali wana njia nyingi na mkulima aliye mbali ana haraka ya kuuza kabla mzigo haujaoza, lakini ilipungua katika soko letu kwa kipindi ambacho usimamizi ulikuwapo.

Jambo hilo lilinipa njia ambayo niliitumia katika mengi yaliyofuata. Katika baraza la mjini hoja ya mkulima haina budi kuvaa nguo ya idara nyingine. Hoja ya mifereji katika mabonde niliipeleka kama hoja ya mafuriko. Hoja ya njia ya kupitisha mboga niliipeleka kama hoja ya barabara za mitaa. Mwaka 2017 serikali ilipopunguza ushuru wa mazao ya chakula hadi asilimia 2 na wa mazao ya biashara hadi asilimia 3, na kuusamehe mzigo usiozidi tani 1 unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine, wapo madiwani walioliona kuwa pigo kwa mapato, nami nikalazimika kueleza kwa subira kwamba mama anayeleta kisamvu na mihogo kutoka Mkuranga si chanzo cha mapato cha kutegemewa, na kwamba kodi ya pango la vizimba vya sokoni, ikikusanywa kwa uaminifu, ni kubwa kuliko yote yanayokamuliwa katika matenga ya akina mama.

Sasa nirudi bondeni, kwa sababu ndiko nilikotumwa. Mvua kubwa za Desemba 2011 zilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na serikali ikawahamishia waathirika wengi Mabwepande. Baada ya msiba ule, kila aliyezungumza katika Kamati ya Mipango Miji na Mazingira alitaka mabonde yasafishwe, wakaazi na wakulima kwa pamoja. Hoja iliyotajwa ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Niliisoma sheria ile kwa makini usiku kucha. Inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, na vilevile shughuli zinazoweza kuharibu mto. Nikajenga hoja yangu juu ya sehemu zote mbili. Tuta la mchicha linalovunwa ndani ya mwezi mmoja halifanani na nyumba ya matofali. Maji ya mafuriko hulipita, nalo huweza kupandwa tena. Lakini sumu ya kuua wadudu na mbolea ya kuku vinavyosombwa na mvua hadi mtoni vinauharibu mto, na hapo wakulima wangu walikuwa na la kujibu. Nilikumbusha pia kwamba kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 zilikwisha kutambua kilimo hiki na kumruhusu mtu kulima eneo lisilozidi ekari 3, kwa hiyo hatukuwa tukizungumzia wahalifu. Tulikubaliana kwamba nyumba zisirudi, na kwamba bustani zibaki kwa masharti: ukingo wenyewe uachwe na majani, pasichimbwe mchanga, na dawa zipungue.

Suala la maji ndilo lililonigharimu. Nilikuwa nafahamu tangu nilipokuwa bibi shamba kwamba baadhi ya vijito hupokea maji taka kutoka majumbani na viwandani. Nilipokuwa mtumishi nililisema jambo hilo katika taarifa zangu, likaishia katika majalada. Nilipokuwa diwani niliweza kumtaka bwana afya na wataalamu wa maji wapime, wakapima, na majibu yakaonesha kwamba maji ya sehemu fulani, chini ya mahali mitaro mikubwa inapoingilia, hayafai kumwagilia mboga za majani. Vijidudu hufa jikoni mboga ikipikwa vizuri, lakini madini mazito hayaondoki kwa moto. Wakulima wa sehemu ile walikuwa wapiga kura wangu, tena wale walionibeba kwa nyimbo mwaka 2015. Washauri wangu katika chama waliniomba niliache jambo hilo hadi uchaguzi upite.

Sikuliacha. Nilikwenda bondeni mwenyewe, nikawaita wakulima na wachuuzi wao, nikaeleza majibu kwa lugha ileile niliyotumia zamani kuelezea magonjwa ya mimea. Niliwaambia kwamba wanaolima upande wa juu wa mto, kabla ya mitaro kuingilia, wanaweza kuendelea, wakichimba visima vifupi mbali na ukingo na kuacha kumwagilia maji ya mto juu ya majani, lakini wale wa chini yake hawana budi kuacha mboga za majani kabisa. Walinisikiliza, kisha mama mmoja mchuuzi akasimama akasema, "Mama Diwani, ukisema hivyo kwa sauti, kesho mboga ya bonde zima haitanunuliwa, hata ile safi." Alikuwa amesema kweli. Mtaalamu hutoa ushauri kwa shamba moja, lakini neno la mwanasiasa husambaa sokoni na kuwagusa hata wasiohusika. Kwa sababu hiyo tulikaa tena na bwana afya, tukachora mpaka unaoeleweka, na wakulima wa upande salama wakaunda kikundi chao ili wachuuzi wajue wananunua wapi. Wachache kati ya wale wa upande wa pili walihamia katika miche ya maua na miti ya kivuli, biashara inayofanya vizuri kando ya barabara za Dar es Salaam na ambayo haiingii tumboni mwa mtu. Wengine waliondoka na hasira, na hasira yao niliikuta katika kura za maoni za chama, za kuteua wagombea, mwaka 2020. Nikiwekwa tena mahali pale nitasema yaleyale, kwa kuwa watoto wanaokula mboga ile hawana mwingine wa kuwasemea.

Lipo jambo jingine linalonikera hadi leo, nalo ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, ilhali ukanda wetu wa Pwani una masika kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Fedha nyingi katika halmashauri hukusanyika polepole na kutolewa kwa haraka mwaka unapokaribia kufungwa. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na ni mpango ninaouunga mkono kwa moyo wote. Lakini kikundi cha akina mama kilichoomba mkopo wa kulima bamia kikapewa hundi mwezi Juni, masika yakiwa yamekwisha, kimepewa deni badala ya mtaji. Nilipendekeza vikundi vya kilimo vipewe fedha kwa kufuata msimu, na marejesho yaanze baada ya mavuno, wakati kikundi cha ushonaji au cha mama lishe kinaweza kuanza kurejesha mapema zaidi. Wahasibu walinieleza ugumu wake kwa adabu, na baadhi ya vikundi vilizingatiwa, ingawa utaratibu wenyewe haukubadilika kama nilivyotaka. Kwa maoni yangu, diwani aliyesomea kilimo ana deni la kulisema jambo hili kila mwaka, kwa kuwa wenzake waliosomea sheria au biashara hawana sababu ya kuijua tarehe ya mvua.

Siku hizi naendesha kitalu cha miche na kushauri vikundi vya bustani. Vijana waliohitimu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hunitembelea mara kwa mara, na baadhi yao wanataka kugombea udiwani. Wa karibuni alikuwa binti mwenye shahada ya ugani, mkakamavu, aliyekuja na maandishi marefu kuhusu kilimo cha kisasa cha mbogamboga mjini. Aliniamkia, akakaa, akaniuliza, "Mama, nianze na lipi kati ya haya?" Nilimwomba ayaweke pembeni kwanza, nikampa makisio ya mapato na matumizi ya manispaa anayoishi, nikamtaka anioneshe ni kasma zipi, yaani mafungu ya bajeti, zinamgusa mkulima wa bonde la mtaani kwake. Alirudi baada ya muda akiwa ameandika kwa mkono wake: mitaro, vizimba vya soko, upimaji wa viwanja, gari la taka. Idara ya kilimo aliiweka ya mwisho. Kikao cha bajeti cha baraza lao hufanyika mwanzoni mwa mwaka, na kwa kuwa mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi, nimemwelekeza afike mapema, aketi upande wa wasikilizaji akiwa na karatasi yake, na kabla ya siku hiyo aende kumwona mwenyekiti wa Kamati ya Mipango Miji, ambaye ndiye mwenye bonde lake mkononi.